Mtunzi, Kazi na Hadhira: Suala la Muziki wa Richard Wagner

Katika uhakiki wa sanaa hudaiwa mara kwa mara kwamba kazi ikishatoka mikononi mwa mtunzi hujitegemea, na kwamba haipaswi kuhukumiwa kwa maovu yake. Makala haya yanaonyesha kwamba dai hilo huchanganya mambo mawili, yaani kazi na utendaji wake.

Mwaka 1850, Richard Wagner (1813-1883), mtunzi wa Kijerumani, alichapisha kwa jina la kubuni makala ya kuwashutumu Wayahudi katika muziki. Mwaka 1869 aliyatoa tena kwa jina lake halisi. Hata hivyo, opera yake Parsifal ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Bayreuth mwaka 1882, aliyeiongoza okestra ni Hermann Levi, mwana wa rabi.

Mwaka 1938, kufuatia mashambulizi dhidi ya Wayahudi nchini Ujerumani, okestra ya Wayahudi wa Palestina iliacha kuupiga muziki wa Wagner. Noti zilikuwa zile zile. Muktadha ndio uliobadilika. Daniel Barenboim alipotaka kuupiga Jerusalem mwaka 2001, aliwauliza kwanza wasikilizaji. Baadhi yao walitoka ukumbini kwa hasira.

Isimu hutofautisha sentensi na usemi: sentensi moja, ikitamkwa mbele ya hadhira tofauti, hutenda mambo tofauti. Vivyo hivyo, kama chuki imo katika opera zenyewe ni swali la uchambuzi wa matini. Kuzipiga hadharani ni tendo, na kila tendo lina mtendwa. Hivyo basi, anayemtenganisha mtunzi na kazi yake bado hajamjibu msikilizaji aliyejeruhiwa.