Sikio la Mtu na Sikio la Chombo

Wanafunzi, mtu mwenye masikio mazima hudhani ya kuwa asikia kila sauti iliyo karibu naye. Sivyo. Ukiketi barazani jioni ukazungumza na ndugu yako, bahari yavuma, mbuzi walia, jirani atwanga kinuni, na pengine pikipiki yapita barabarani. Lakini wewe wasikia maneno ya ndugu yako tu. Akili yako huzipokea sauti uzitakazo, na zile nyingine huziacha zipite. Chombo cha kunasa sauti hakina akili ya kuchagua. Kila sauti ikifikiayo hukiingia, iwe ya maana, iwe ya upuzi. Katika somo hili tutajifunza namna ya kunasa sauti za ndege na wanyama huko nje, zisimezwe na kelele.

I. Safari ya kwanza

Katika kisiwa chetu cha Pemba yuko bundi mdogo ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani. Wataalamu walimwandika kwa jina la Otus pembaensis mwaka 1937. Hukaa katika miti yenye majani mengi, katika msitu wa Ngezi na katika mashamba ya mikarafuu. Mchana ni kazi kumwona, maana hujificha majanini. Usiku hutambulikana kwa sauti yake: "hu," kisha kimya, kisha "hu" tena, na mara nyingi dume na jike hujibizana. Kwa hiyo mtu atakaye kujua kama bundi huyu yumo katika bonde fulani, yampasa kusikiliza zaidi kuliko kutazama.

Mzee mmoja mwenye shamba la mikarafuu karibu na Ngezi alikuwa akisema ya kwamba bundi wawili hulia shambani mwake. Jirani zake walimcheka. "Babu," walisema, "hao walikwisha hama zamani." Basi nilikwenda usiku mmoja pamoja na wanafunzi wanne, tukichukua simu ya mkononi, ili tumpatie mzee ushahidi. Tulisimama ukingoni mwa shamba, nasi sote watano tuliwasikia bundi kwa masikio yetu.

Siku ya pili yake tuliifungua sauti ile mbele ya jirani. Ulisikika mngurumo kama wa gari lipandalo mlima, kisha nyenze, kisha mtu akikohoa. Bundi hawakusikika hata mara moja. Jirani mmoja akasema, "Je, sikuwaambieni? Hakuna bundi." Mzee hakujibu neno, akaondoka zake.

Jambo lile liliniuma sana. Mzee alikuwa amesema kweli, nasi kwa kutojua kazi yetu tulikuwa tumemfanya aonekane mwongo. Tangu siku ile nafahamu ya kuwa kelele si udhia wa masikio tu. Yaweza kuificha kweli.

II. Makosa yetu manne

Kosa la kwanza lilikuwa upepo. Ndani ya chombo mna maikrofoni, ndiyo sikio lake, nayo ina utando mwembamba utetemekao sauti inapoufikia. Upepo ukiupiga utando huo, huutikisa kwa nguvu kuliko sauti ya ndege ye yote. Mngurumo tuliousikia haukuwa sauti ya upepo mitini; ulikuwa ni upepo ukilipiga sikio la chombo. Mwambie mwenzako apulize kando ya sikio lako, nawe utaelewa.

Kosa la pili lilikuwa bahari. Jirani na msitu wa Ngezi iko pwani iitwayo Vumawimbi. Waliopaita jina hilo hawakukosea, nasi hatukulitia jina lile maanani. Tulisimama upande uelekeao baharini.

Kosa la tatu lilikuwa sisi wenyewe. Mmoja alikanyaga majani makavu, mwingine aliua mbu kwa kofi, na mimi niliishika simu mkononi, nikiigeuza-geuza. Kila kidole kinachosogea juu ya chombo husikika ndani yake kama panya katika dari.

Kosa la nne, lililo kubwa kuliko yote, ni kwamba tulikuwa mbali. Tulisimama hatua kama 80 kutoka mti wa bundi.

III. Namna ya kuepuka kelele

Kwanza, karibia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sauti ikitoka kinywani mwa ndege huenea pande zote, na kadiri inavyoenea ndivyo inavyopungua. Ukikata umbali nusu, nguvu ya sauti ikufikiayo huwa mara 4. Sasa fanyeni hesabu: toka hatua 80 hata 40, toka 40 hata 20, toka 20 hata 10. Tumekata nusu mara tatu. Basi nguvu imekuwa mara 4, kisha 16, kisha 64. Na mvumo wa bahari iliyo mbali haukuzidi, maana hatua 70 si kitu kwake. Hakuna dawa nyingine ipitayo hii.

Pili, chagua wakati. Kwetu upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi huvuma katika miezi ya katikati ya mwaka. Baina ya pepo hizo mbili kuna tanga mbili, ndipo upepo hulegea na kugeuka-geuka. Lakini hata katika majira ya kusi kuna usiku wa shwari. Yatazame majani ya mnazi kabla ya kutoka nyumbani: yakicheza, afadhali ulale.

Tatu, tafuta kinga. Ivishe maikrofoni kifuniko cha sponji, na juu yake kitambaa chenye manyoya marefu. Manyoya huvunja nguvu ya upepo, lakini sauti hupenya. Kisha uitumie nchi yenyewe. Pemba ina vilima na mabonde mengi. Shuka bondeni ili kilima kiwe baina yako na bahari, au baina yako na barabara. Usijifiche nyuma ya mti mmoja ukadhani umeizuia bahari, maana sauti nzito huuzunguka mti kama maji yazungukavyo nguzo.

Nne, ondoka. Funga chombo juu ya kijiti kabla ya jua kuchwa, kifungue kianze kazi, kisha uende zako mbali uketi kimya. Hivyo ndege hasumbuliwi kwa taa wala kwa nyayo, na kikohozi chako hakitaingia.

Tano, iko njia ya bakuli. Weka kiganja nyuma ya sikio, utasikia vema zaidi mbele yako. Mwaka 1889 mtoto wa Kijerumani, Ludwig Koch, alinasa sauti ya ndege kwa chombo cha nta. Lakini ndege yule alikuwa tunduni, nyumbani, pasipo upepo. Kunasa ndege wa porini kulikuwa kazi ngumu zaidi. Mwaka 1932 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walianza kutumia bakuli kubwa, na maikrofoni ndani yake ikielekea kitako cha bakuli. Bakuli hukusanya sauti itokayo upande mmoja na kuileta mahali pamoja. Hata hivyo lina mpaka wake. Sauti itetemekayo mara 340 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa kama mita 1, na bakuli lililo dogo kuliko wimbi haliwezi kulikusanya vema. Kwa hiyo bakuli hufaa zaidi kwa chozi na ndege wengine wenye sauti nyembamba.

IV. Safari ya pili

Tulirudi usiku mwingine wa shwari. Safari hii mzee mwenyewe alituongoza, maana yeye aliujua mti. Tulipanda kijiti hatua 10 kutoka shina, upande wa bondeni, tukakivisha chombo chetu kifuniko, tukaenda kuketi barazani kwake. Asubuhi tulikichukua. Bundi walisikika wazi, dume na jike, kama watu wawili waitanao ng'ambo na ng'ambo ya mto.

Mvumo wa bahari ulikuwamo bado, lakini kidogo. Mwanafunzi mmoja, hodari wa mitambo, akasema, "Mwalimu, iko programu iwezayo kuondoa sauti zote nzito. Niusafishe mvumo huu?" Nikamruhusu ajaribu katika nakala, wala si katika sauti ya asili. Alipozidi kukata, bahari ilitoweka. Lakini bundi naye alikuwa amefifia karibu na kupotea, maana sauti yake si nyembamba kama ya chozi. Chujio halijui bundi wala bahari. Lajua nzito na nyembamba tu. Tukaiacha nakala, tukarudi katika asili.

Tukaifungua sauti mbele ya jirani wale wale. Yule aliyemcheka mzee akasikiliza, akasema, "Bundi nawasikia, lakini nitajuaje kama ni wa hapa? Huenda mmewanasa msituni." Wakati ule ule, nyuma ya sauti ya bundi, ikasikika kwa mbali adhana ya Isha. Jirani akainua kichwa. Ilikuwa sauti ya muadhini wa msikiti wao. Akacheka kwa haya, akamwendea mzee akampa mkono, akasema, "Babu, niwie radhi."

Tazameni, basi. Kama tungaliifuta kila sauti isiyo ya bundi, tungaliufuta na ushahidi wetu. Kelele ni ile tu iifichayo sauti uitafutayo. Ile iielezayo mahali na saa si kelele. Punguzeni kelele kabla ya kunasa, kwa miguu yenu na kwa subira yenu. Baada ya kunasa, gusani kidogo, na asili iwekeni salama. Wala msiseme kamwe, "Hakuna," kwa sababu tu chombo hakikusikia.

Maswali
1. Kwa nini sikio la mtu laweza kuacha kelele, na chombo hakiwezi?
2. Ukisogea toka hatua 60 hata 30, nguvu ya sauti ya ndege huwa mara ngapi?
3. Kwa nini mti mmoja hauzuii mvumo wa bahari, na kilima chaweza kuupunguza?
4. Jirani aliamini kwa sababu gani?

Kazi ya kufanya
Keti nje ya nyumba yenu kwa dakika 5, umefumba macho. Kisha andika kila sauti uliyoisikia, na mahali ilikotoka. Utastaajabu jinsi zilivyo nyingi.