Elimu: Serikali au Soko?

Swali: Hapa Ruiru, Kenya, shule za kibinafsi zachipuka kila mtaa. Je, serikali iwaachie wafanyabiashara elimu?

Jibu: La, ndugu msomaji. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani, jambo ambalo soko, lenye kuwatazama wawezao kulipa tu, lisingalilidiriki; walakini msongamano uliofuatia uliwasukuma wazazi wengi, hata mafukara, kuzikimbilia shule za kulipia. Ushindani wa shule hizo, basi, una manufaa yake, lakini kwa kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imeifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, ni wajibu wa serikali kujenga madarasa, kuajiri walimu na kuzikagua shule zote. Nawe, kabla ya kulipa, hakikisha kwamba shule na walimu wake wamesajiliwa.