Kulipia moshi wa ndege: Ni fidia au ni kujidanganya?

Mpwa wangu anayeishi Uingereza alinipigia simu majuzi. Alikuwa akikata tiketi ya ndege kuja kumtazama mama yake ambaye ni mgonjwa. Kabla ya kulipa akakuta ombi: aongeze paundi chache zipelekwe kwenye mradi wa miti, ili kufidia moshi wa safari yake. Akaniuliza, "Mjomba, nilipe au nisilipe? Huu si ujanja wa kuchukua pesa za watu?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ndege huchoma mafuta na kutoa hewa ya ukaa, ambayo hubakiza joto duniani. Safari ya abiria mmoja kutoka London hadi Nairobi na kurudi hukadiriwa kutoa tani moja au zaidi. Wauzaji wa fidia husema hewa haina mipaka: ukitoa tani moja huku, na miti ikafyonza tani moja kule, hesabu imelingana.

Je, hulingana kweli? Mwaka 2002 bendi ya Coldplay ya Uingereza ilidhamini miembe 10,000 huko Karnataka, India, ili kufidia moshi wa kutengeneza albamu yake. Mwaka 2006 iliripotiwa kwamba miche mingi ilikufa. Miembe ilikauka, moshi ukabaki palepale. Januari 2023 uchunguzi wa gazeti la The Guardian na wenzake ulidai kuwa zaidi ya asilimia 90 ya vyeti vya misitu ya mvua walivyovichunguza, vilivyoidhinishwa na shirika la Verra, havikuwa na upungufu wa kweli wa hewa chafu nyuma yake. Verra ilipinga madai hayo. Machi 2024 mahakama ya Amsterdam iliamua kuwa shirika la ndege la KLM lilipotosha wateja kwa baadhi ya matangazo yake, yakiwemo yaliyohusu fidia ya aina hii.

Hata hivyo, tusihukumu kwa kusikia upande mmoja. Hapa kwetu Pwani, katika ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakilinda na kupanda mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Fidia wanayouza ni ya takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yake yamesaidia maji na shule. Tukisema kila fidia ni utapeli, tutakuwa tumewadhulumu watu hawa.

Basi tatizo liko wapi? Nadhani liko katika nia ya mlipaji. Sisi tunaijua fidia ya saumu. Mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini. Lakini kijana mwenye afya hawezi kula mchana wa Ramadhani, akalisha maskini, kisha akasema hana deni. Maskini ameshiba, ndiyo, na hilo ni jema. Lakini saumu yake haikufungwa.

Moshi nao ni hivyo hivyo. Mwenye kupanda ndege kila mwezi kwa matembezi, akalipa na kulala usingizi, amenunua ruhusa ya kuendelea kuchafua. Na wa kwanza kuumizwa na ukame na mafuriko ni mkulima ambaye hajawahi kupanda ndege.

Nilimjibu mpwa wangu hivi. Kwanza, punguza safari unazoweza kuziacha. Pili, safari ya kumwona mama yako si ya kuachwa, basi njoo. Tatu, ukitaka kulipa, uliza kwanza: mradi uko wapi, nani anaukagua, wanakijiji wanapata nini, na je, miti hiyo ingekuwapo hata bila pesa zako? Nne, ukishalipa, usiseme moshi wako umefutika. Sema umesaidia watu wanaolinda miti.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema atalipa, na safari ya mapumziko aliyoipanga mwezi unaofuata ataifuta. Nikamwambia hiyo ya pili ndiyo fidia yenyewe.