Dondoo muhimu: Kuiga vifaa vya virtio kwa usalama

Maktaba za programu za mradi wa rust-vmm huwasaidia wasanidi kuiga vifaa vya virtio, yaani diski na kadi za mtandao ambazo mfumo endeshi mgeni, ule unaoendeshwa ndani ya mashine pepe, unajua kuwa si halisi na hivyo hushirikiana na mashine mwenyeji ili kazi iende haraka. Kila kinachosomwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mgeni kichukuliwe kuwa hakiaminiki.

Foleni ya virtio, iliyo katika kumbukumbu hiyo, hubeba vielezi vya baiti 16, ambavyo kila kimoja hutaja anwani ya data, urefu wake, alama zake na kielezi kinachofuata. Kwa kuwa mgeni mwenye nia mbaya anaweza kuviunganisha katika mzunguko usiokoma, mnyororo mmoja usiruhusiwe kuzidi ukubwa wa foleni. Lililo zito zaidi, kielezi kinakiliwe mara moja na nakala hiyo ndiyo ikaguliwe na kutumiwa, maana mgeni anaweza kukibadilisha kati ya ukaguzi na matumizi.

Kabla ya kuandika kifaa kipya, msanidi na ausome kwanza waraka wa viwango wa virtio unaotolewa na shirika la OASIS.