Kufundisha Kuzima Moto Mdogo kwa Blanketi katika Shule za Msingi

Makala haya yamekusudiwa walimu wanafunzi watakaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika wilaya za Mbinga na Nyasa, kuanzia vilima vya Umatengo hadi vijiji vya ufukoni kama Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Somo lenyewe ni dogo: namna ya kuuzima moto kwa kuufunika ungali mchanga. Hata hivyo ni somo lenye hatari ya namna yake, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa nusu huukaribia moto ambao mtoto asiyefundishwa kabisa angeukimbia. Kwa hiyo mwalimu asiliingize katika azimio lake la kazi iwapo hana nafasi ya kulifundisha lote.

Kwa nini basi lifundishwe? Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita zipatazo 66 za kuteremka milima. Nambari ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo sharti kila mtoto aijue kwa moyo. Lakini sufuria ya mafuta inayowaka chini ya paa la nyasi, wakati wa kiangazi upepo wa ziwani ukivuma, haingoji gari lolote lipande wala literemke. Aidha watoto wetu hawakai mbali na moto. Binti wa darasa la tano humsaidia mama yake kukaanga samaki wa kuuza, na mdogo wake huchochea kuni.

Mwalimu aanze na yale ambayo watoto wanayajua tayari. Wapo walioona tanuri la mkaa likifunikwa kwa udongo ili magogo yasiteketee yakawa majivu. Karibu wote wamewahi kuona kaa likifukiwa jivuni jioni na kufukuliwa asubuhi likiwa bado jekundu. Mifano hii miwili yatosha kujenga somo zima: moto wahitaji kitu cha kuungua, joto na hewa; ukinyimwa hewa hufifia; lakini kufifia si kufa. Nitalirudia jambo hili la kaa hapo mbele, kwani ndilo linalosahauliwa zaidi.

Jaribio la mshumaa na bilauri lafahamika: mshumaa uwashwe ndani ya sahani, ufunikwe kwa bilauri, nao utazimika baada ya muda mfupi. Walimu wengi huongeza maji sahanini, na maji yanapopanda ndani ya bilauri husema kwamba yamejaza nafasi ya oksijeni iliyokwisha. Maelezo hayo si sahihi, ingawa yanarithiwa kutoka kwa mwalimu hadi mwalimu. Hewa ina oksijeni sehemu 21 hivi kwa kila 100, na mwali wa mshumaa huzimika zikiwa zingali zimebaki kama 16. Maji hupanda hasa kwa sababu hewa iliyopashwa joto na mshumaa hupoa na kusinyaa. Ni afadhali kuacha maji kabisa. Jambo la kuonyeshwa ni kwamba haihitajiki hewa yote iishe. Kuipunguza tu kunatosha kuua mwali. Ndiyo maana blanketi, ambalo halizibi kama kizibo cha chupa, hufanya kazi.

Blanketi la kuzimia moto linalouzwa madukani hufumwa kwa nyuzi za kioo zisizoshika moto. Huwekwa ndani ya mfuko ukutani, vishikio viwili vikining'inia chini ili livutwe kwa mara moja. Mahali pake ni karibu na mlango wa jiko, kamwe si juu ya meko, kwa maana nani atanyoosha mkono juu ya miali kulichukua? Shule chache za msingi zinalo. Pasipo hilo, blanketi nzito la sufu lafaa, au gunia la katani au la juti kama yale ya kahawa, likiloweshwa na kukamuliwa vizuri. Nasisitiza kukamuliwa. Maji yakidondokea mafuta yanayowaka huzama chini yake, hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo huhitaji nafasi kubwa zaidi ya mara elfu moja kuliko maji yalivyokuwa. Mafuta hurushwa juu yakiwaka, na aliyemwaga maji ndiye wa kwanza kuungua.

Hapa pana mtego ambao haukuwapo siku za babu zetu. Mablanketi mengi yanayouzwa sasa gulioni, yale mepesi yenye manyoya laini, ni ya poliesta. Hayo huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mwalimu aweza kupima: achomoe uzi mmoja, aushike kwa koleo nje ya darasa, peke yake, na auwashe kwa kibiriti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu la kupondeka. Pamba hunuka kama karatasi. Uzi uliotengenezwa kiwandani kwa kemikali huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Blanketi lililotoa kidonge lisitumike kamwe. Pamba kavu pia hushika moto, kwa hiyo kanga isitumike ikiwa kavu.

Sasa vitendo. Yako maoni kwamba somo halieleweki mpaka watoto wauone moto wa kweli ukizimwa. Siyakubali. Mafuta yasiwashwe mbele ya watoto, hata kidogo, hata uwanjani. Kinachotakiwa kuzoea ni mikono, nayo huzoea vizuri zaidi pasipo hofu. Weka sufuria tupu, baridi, juu ya mafiga matatu. Mtoto alishike blanketi kwa ncha mbili za juu, azikunje kwenda nje ili zifunike vidole vyake, alinyanyue mbele yake kama ngao iliyokinga kifua na uso, kisha alilaze kuanzia upande ulio karibu naye kuelekea ng'ambo, taratibu. Mtoto hupenda kulitupa kama nyavu. Akilitupa, arudie, upepo wa blanketi lililotupwa huchochea mwali na kumwaga mafuta. Sufuria isibebwe wala isisogezwe. Jiko la gesi lizimwe kama kitufe chaweza kufikiwa bila kuvuka mwali. Kwenye mafiga, kuni zivutwe polepole baada ya kufunika, na kama haziwezi kuvutwa bila kutikisa sufuria, ziachwe. Iwapo kifuniko cha sufuria kipo karibu, hicho ndicho bora kuliko blanketi lolote, na ufukoni ambako mchanga mkavu ni mwingi, moto ulioanguka chini hufunikwa kwa mchanga.

Baada ya kufunika, ngoja. Hapa lile kaa la jivuni lirudishwe darasani. Mafuta yaliyoshika moto yenyewe huwa yamepita nyuzi 300 za joto, na yakifunuliwa mapema huwaka tena yanapokutana na hewa. Blanketi lisiguswe kwa dakika 15 angalau, na kwa sufuria kubwa muda zaidi. Katika zoezi, waketi kweli dakika hizo 15 wakiitazama sufuria baridi. Watachoka, watanong'ona, mmoja atataka kuchungulia. Hayo ndiyo mafunzo; usiyafupishe kwa sababu kengele i karibu.

Mipaka ifundishwe siku hiyohiyo. Moto ulio mpana kuliko blanketi si wa blanketi. Moto uliogusa nyasi za paa, petroli iliyomwagika, au godoro la sponji si wa mtoto kabisa: watu watoke, wapige kelele, wahesabiane nje. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la shule ya sekondari Idodi, mkoani Iringa, kwa moto ambao mshumaa ulitajwa kuwa chanzo chake. Mwanachuo akumbuke jambo hilo anapokagua bweni, na aulize mlango wafunguka kuelekea wapi, na nani anao ufunguo usiku.

Nguo ya mtu ikiwaka, asikimbie. Alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike. Anayemsaidia amzungushie blanketi kuanzia shingoni kwenda chini, ili miali isipande usoni. Kisha jeraha lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga visipakwe, hata kama bibi amesema. Mtoto afundishwe kumjibu bibi kwa heshima na kuendelea kumimina maji.

Katika kupima, maswali ya kutaja sehemu za moto hayatoshi. Eleza tukio, kisha uliza: "Mafuta yanawaka, mwali umefika kimo cha kichwa chako, mama yuko kisimani. Utafanya nini?" Mtoto atakayeeleza vizuri sana jinsi ya kulishika blanketi apewe nusu ya alama. Atakayesema atamtoa mdogo wake nje na kuita majirani apewe zote.