Bodoni Inataka Nafasi: Vidokezo kwa Wapenda Herufi

Ukiona mwili wa herufi mnene ukikutana ghafla na mstari mwembamba kama unywele, huenda unaitazama Bodoni. Ni kazi ya Giambattista Bodoni, Mwitalia aliyepewa jukumu la kusimamia kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa Parma mwaka 1768. Kwangu hakuna fonti yenye haiba kuizidi, lakini inadai kutunzwa.

1. Ikuze. Mahali pake ni jalada, bango, kichwa cha makala, jina la manukato. Ukiishusha hadi pointi 8 kisha ukatoa fotokopi, vimistari vyake hupotea na e husomeka kama c.

2. Chagua toleo kulingana na ukubwa. Hapa ndipo wengi hawaangalii. Bodoni mwenyewe alichonga kila ukubwa kivyake, na utajiri huo umo katika Manuale Tipografico, kitabu ambacho mjane wake, Margherita Dall'Aglio, alikichapisha mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo cha mumewe. ITC Bodoni ya mwaka 1994 ilifuata njia hiyohiyo: ina toleo la pointi 6, la 12 na la 72, na lile la 6 limeongezwa unene kwenye mistari myembamba ili maandishi madogo yasomeke. Kama huna fedha za kununua, Bodoni Moda hupatikana bure nayo ina matoleo ya ukubwa mbalimbali. Poster Bodoni, iliyo nene kupindukia, iachie mabango.

3. Iache ipumue. Kurasa za Bodoni zilikuwa na pambizo pana, maneno machache na mistari iliyoachana. Ukiibana, unaua uzuri wake.

4. Chunga maneno yetu. Kiswahili kina m, n, u na i nyingi. Andika “mnunuzi” au “muumini” kwa Bodoni uone nguzo nyeusi zikipangana hadi jicho lichoke. Kwa kichwa cha habari, tanua kidogo nafasi kati ya herufi. Kwa aya ndefu, tafuta fonti nyingine kabisa.

5. Fikiria karatasi. Herufi hizi zinapenda karatasi laini. Kwenye karatasi ya gazeti wino husambaa, na maandishi meupe juu ya rangi nyeusi huzibwa kwanza pale palipo pembamba. Kadi ya harusi yenye karatasi nzuri inazifaa sana.

6. Ipe mwenzi mtulivu: fonti isiyo na vikia miishoni mwa herufi, yenye unene ulio sawa. Fonti ya Didot usiiweke kando yake, zinafanana mno.

7. Usiivute kwa upana wala urefu.

Kabla ya kulipia nakala zote, mwombe mchapaji akutolee moja kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ileile. Vimistari vikikatika, badilisha toleo hapohapo.