Begi la Kwenda Namugongo: Ubebe Nini, Uache Nini



Kila mwaka ikikaribia Mei, maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu hija ya miguu ya Namugongo si ya sala. Ni ya viatu. "Frateri, raba za mtumba zitafika?" "Frateri, bila begi kama yale ya wapanda mlima nitaweza?" Na safari hii kijana mmoja wa kwaya ameniandikia kwamba ameghairi kwenda, kwa sababu vifaa alivyoviona mtandaoni vinazidi mshahara wake wa mwezi. Huyo ndiye aliyenifanya nikae niandike. Hija ya Mashahidi ikishakuwa ya wenye nazo tu, tumeipoteza.

Hebu tufungue Injili kwanza. Katika Marko 6:8-9 Yesu anawatuma wale Thenashara bila mkate, bila mkoba, bila fedha, bila kanzu ya pili. Anawaachia fimbo na viatu. Mathayo 10:10 ni mkali zaidi, hata hivyo viwili anavikataza, na wataalamu wa Maandiko wamejadili sana tofauti hiyo. Mimi kwa Marko linanigusa jambo dogo tu: vitu viwili vilivyobaki vyote ni vya kusaidia miguu. Kisha soma Luka 22:35-36. Usiku wa Karamu ya Mwisho Bwana anawakumbusha kwamba alipowatuma mikono mitupu hawakupungukiwa kitu, halafu anawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba kubeba dawa ni kukosa imani.

Wengine huniuliza, "Kwani Karoli Lwanga na wenzake walibeba nini?" Wale walihukumiwa Munyonyo mwezi Mei 1886, wakapelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa. Hawakuulizwa wachague. Wewe umepewa nafasi ya kuchagua, na Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba kuchagua vizuri njia ya kufikia lengo jema ni kazi ya busara, na busara ni fadhila kamili kama zilivyo nyingine.

Sasa, uzito. Aristotle (mnivumilie, falsafa haijanitoka) anatoa mfano wa mlo wa wanamichezo: kama vipimo 10 ni vingi na 2 ni vichache, haimaanishi kila mtu apewe 6. Kwa Milo, yule bingwa wa mieleka, 6 ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kiasi cha katikati hupimwa kwa mtu mwenyewe. Ndivyo lilivyo begi. Watembeaji wengi hufuata kanuni ya kwamba begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Una kilo 60? Basi kilo 6, maji yakiwa humohumo, na lita moja na nusu ya maji tayari ni kilo moja na nusu. Ukishaelewa hesabu hiyo, ile jinzi ya pili inajitoa yenyewe.

Nakaa kidogo kwenye miguu, maana hapo ndipo hija nyingi zinapokwama. Kutoka mpakani Mutukula, kupitia Kyotera na Masaka, mpaka Namugongo ni zaidi ya kilomita 200. Usinunue kiatu kipya wiki ya kuondoka, hata kiwe cha bei gani. Kiatu bora ni ulichokwisha kukitembelea wiki kadhaa, chenye nafasi ya kidole gumba mbele, kwa sababu mguu huvimba ukitembea siku nzima. Kajaribu jioni, sio asubuhi. Raba ya mtumba yenye soli nzima inatosha kabisa. Soksi ndiyo usizifanyie ubahili: jozi tatu, zisizo za pamba tupu, maana pamba hushika jasho na jasho huleta malengelenge. Badilisha mchana, zile mbichi zining'inie nyuma ya begi zikauke. Paka mafuta ya mgando kwenye vidole na kisigino kabla ya kuvaa. Lengelenge likitokea usilichune ngozi. Lifunike kwa plasta, na likianza kutoa usaha nenda kwa muuguzi siku hiyohiyo. Ndala moja ya kupumzishia miguu jioni. Basi.

Mwenye kisukari, siko seli au pumu aonane na daktari kabla hajajiandikisha, na dawa zake azibebe mwenyewe, sio kwenye gari la mizigo. Kiongozi wa kundi ajue. Hapa sina utani.

Vingine havina mjadala mrefu. Koti jepesi la mvua, kwa sababu mwisho wa Mei mvua bado inaweza kukupata, kofia, kwa ajili ya kipande cha Lwera baada ya Lukaya, barabara iliyokatiza kwenye kinamasi, kitenge au shuka, tochi, fulana inayong'aa kwenye mwanga wa gari. Uganda magari hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo mnaotembea kaeni kulia muyaone yanayokuja. Hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano zitie kwenye mfuko wa nailoni.

Kuna vijana wanaofika bila shuka kabisa kwa hoja ya ufukara wa Kiinjili. Usiku wanaazima. Anayewaazimia ni mama mwenye nyumba, ambaye ametoa sebule yake kwa mahujaji kumi. Ufukara unaolipiwa na mtu mwingine, mimi sijauona katika Marko.

Kwa yule kijana wa kwaya: soksi, plasta na mafuta ndivyo vya kununua. Koti la mvua na begi uliza jumuiya yako ndogo ndogo, hazikosekani nyumba za watu. Jumamosi hii pakia kila kitu, tembea mpaka parokia ya jirani na kurudi, Rozari ikiwa mkononi. Ukifika nyumbani mwaga vitu vyote kitandani, uangalie ambavyo hukuvigusa.